Turbo Usawa wa Bahari

Siku ya kasi uwanjani si mashindano. Chama cha madereva au kampuni hukodi uwanja wa mbio za magari kwa siku nzima, kisha wenye magari ya kawaida, yale yale yanayopeleka watoto shuleni na kubeba magunia kutoka sokoni, hulipa ada na kuyaendesha kwa kasi wanayoimudu. Hakuna gari linalokuja kutoka upande wa pili, hakuna bodaboda inayochomoka kichochoroni, hakuna tuta wala mbuzi. Kombe pia hakuna. Dereva hupangwa kundi moja na wenzake wa kiwango chake, huingia uwanjani kwa dakika 15 au 20, hutoka gari lipoe, kisha hurudi zamu yake ikifika. Akimaliza siku gari likiwa zima, naye akilijua zaidi ya alivyolijua asubuhi, amepata alichokilipia.

Kaunti ya Kwale haina uwanja wa namna hiyo. Kuanzia Likoni, kupitia Ukunda, Msambweni na Ramisi hadi mpakani Lunga Lunga, barabara kuu ni ya wote: lori la saruji, matatu, tuktuk na mwenda kwa miguu. Kenya yenyewe imejenga jina lake la mbio juu ya vumbi na matope, si lami. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakapita kwenye barabara za kawaida za nchi tatu za Afrika Mashariki, na tangu hapo mwendo kasi wa Kenya umekuwa wa mashambani. Uwanja wa mzunguko uliwahi kuwako Langa Langa karibu na Gilgil miaka ya 1950, lakini utamaduni huo haukutia mizizi kama ulivyotia ule wa Safari.

Siku hizi asiye dereva wa kulipwa ana milango michache. Wa kwanza ni autokrosi, mbio fupi za uwanja wa udongo zinazosimamiwa na Shirikisho la Michezo ya Magari la Kenya, ambako magari hugawanywa kwa idadi ya magurudumu yanayovuta na kwa kuwa na turbo au kutokuwa nayo. Wa pili ni mbio za kushindana na saa kwenye lami iliyofungwa, kama zile za KiambuRing zilizopata umaarufu katika muongo wa 2010: gari huondoka moja moja, kila dereva akipimwa kwa muda wake. Wa tatu ni uwanja wa Whistling Morans huko Athi River, unaojulikana zaidi kwa magari madogo ya karti. Mpwani aliyekwenda kutafuta riziki Ghuba ana bahati zaidi. Dubai Autodrome ilifunguliwa 2004 na Yas Marina ya Abu Dhabi 2009, na kote kuwili mtu wa kawaida huweza kuingia na gari lake siku au usiku uliotengwa.

Uwanja haupo, lakini magari yapo tele, na njia yaliyojia ni ile ile: bandari ya Mombasa, ng'ambo tu ya maji kutoka Likoni. Magari yaliyotumika hushuka melini kutoka Japani na kusambaa hadi Kampala na Goma. Kanuni ya viwango vya Kenya, KS 1515, inakataza kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, au lenye usukani upande wa kushoto. Kwa hiyo Subaru Impreza WRX na Mitsubishi Lancer Evolution za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zinazoonekana barabarani ziliingia zamani. Haziongezeki. Mwenye nayo huitunza, na akiiuza huiuza ghali kuliko umri wake.

Kwa Wakenya wengi, turbo ni Subaru. Sababu si siri. Turbo ilishinda Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1984, Björn Waldegård akiwa na Toyota Celica, na miaka miwili iliyofuata gari hilo likashinda tena. Ian Duncan, Mkenya, alishinda 1994 akiwa na Celica ya turbo yenye kuvuta magurudumu manne. Lakini aliyebaki midomoni mwa watu ni Patrick Njiru, aliyeendesha Subaru na ambaye mwaka 1993 aliifikisha Vivio, kigari cha injini isiyofika hata lita moja, nafasi ya 12 na ushindi wa daraja lake. Kisha Colin McRae akashinda 1997 na Richard Burns 2000, wote wakiwa na Impreza ya buluu. Kizazi kilichokuwa kikitazama magari hayo kando ya njia ndicho kilichokuja kununua Legacy, Forester na WRX zilizotumika, na ndicho kilichozitia ekzosi za kuamsha mtaa.

Injini inayokutwa chini ya boneti nyingi za aina hiyo ni EJ20, ya sentimita za ujazo 1,994, yenye silinda nne zilizolala mbili mbili kulia na kushoto. Ilianza kwenye Legacy mwaka 1989, ikaingia Impreza WRX mwaka 1992. Watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana kutotangaza nguvu zaidi ya farasi 280 kwa gari lolote linalouzwa nchini mwao, na makubaliano hayo yalidumu hadi 2004. Ndiyo maana vitabu vingi vya magari hayo vinafanana kwenye ukurasa wa nguvu, na ndiyo maana pia fundi huyaona kama mali iliyofungiwa kabatini.

Turbo ni pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe. Moshi unapotoka kwenye silinda una joto linaloweza kufika nyuzi 900. Badala ya kuachwa upotee, hupitishwa kwenye gurudumu dogo lenye mapanga, nalo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa ufito mmoja na jingine lililo upande wa pili, linalovuta hewa ya nje na kuikandamiza kuelekea injini. Hewa iliyokandamizwa ina oksijeni nyingi zaidi katika nafasi ile ile, kompyuta ya gari huongeza petroli ilingane nayo, na mlipuko katika silinda unakuwa mkubwa zaidi. Iko vali inayoufungulia moshi njia ya pembeni shinikizo likifika kiwango kilichowekwa. Ufito ule unaelea juu ya utando mwembamba wa oili, usio na unene hata wa karatasi. Oili ikichelewa, au ikiwa chafu, turbo hufa, na ikifa mara nyingi hutupa vipande vyake mahali pabaya.

Kuongeza nguvu kwenye gari la turbo ni rahisi kupita kiasi. Gari lisilo na turbo hudai kazi kubwa ndani ya injini ili kupata farasi 20. La turbo hudai tu kuambiwa likandamize hewa zaidi: ekzosi pana, chujio cha hewa chenye kupitisha zaidi, na maelekezo mapya katika kompyuta, yale mafundi wanayoyaita ramani. Kwa siku moja ya kazi gari limebadilika tabia. Urahisi huo ndio chanzo cha matatizo karibu yote yanayofuata, na Pwani yanafuata haraka kuliko Nairobi.

Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina shinikizo la asilimia 80 na kidogo ya lile la ufuoni. Diani iko ufuoni kabisa. Hata ukihesabu kwamba hewa ya Diani ina joto zaidi, na kwamba unyevu wake unachukua nafasi kidogo ya oksijeni, bado kila lita ya hewa inayoingia kwenye chujio ina uzito wa kiasi cha asilimia 15 zaidi. Gari la kawaida lisilo na turbo linaposhuka kutoka bara, dereva hulihisi limechangamka akiwa bado Mariakani. La turbo huchangamka kwa namna ya hatari zaidi.

Likizo za Pasaka na Desemba, magari hayo hushuka kwa misafara, kilomita 500 hivi hadi Ukunda. Mengi yalirekebishwa Nairobi, ramani ikaandikwa gari likiwa juu ya mashine ya kupimia nguvu, katika hewa ya Nairobi. Kipimo cha shinikizo kwenye dashibodi kikisoma baa 1 pale Nairobi, maana yake injini inapokea baa 1.8 kamili, kwa kuwa hewa ya nje inachangia 0.8 tu. Kikisoma hiyo hiyo baa 1 Diani, injini inapokea 2. Sindano iko pale pale, ila kilichoingia ndani kimeongezeka kwa zaidi ya asilimia 10. Kompyuta ya Subaru hupima uzito wa hewa na kuongeza petroli inavyostahili, hivyo njaa ya petroli si tatizo la kwanza. Tatizo ni wakati wa cheche. Injini sasa imefika kwenye sehemu ya ramani ambayo fundi hakuwahi kuifikia siku ya kipimo, kwa sababu hewa ya Nairobi haikumruhusu. Namba zilizoandikwa pale huenda ni za kukisia.

Hapo injini hugonga. Mchanganyiko wa hewa na petroli, badala ya kuwaka kwa mpangilio kuanzia kwenye plagi, hulipuka wenyewe pembeni kabla ya wakati, na mshindo wake huipiga pistoni. Petroli ya juu ya Japani, ambayo magari haya yaliundwa kwa ajili yake, ina okteni inayokaribia 100. Super ya vituo vya Kenya iko chini ya hapo, hivyo uvumilivu wa kugonga ni mdogo tangu mwanzo. Udhaifu wa EJ20 ya turbo unajulikana: ni ile sehemu nyembamba ya pistoni iliyo kati ya ringi na ringi. Ikivunjika, gari hutoa moshi wa samawati, hunywa oili, na hupoteza nguvu silinda moja. Barabarani, dereva akikanyaga kwa sekunde tano ili kulipita lori, injini huenda ikaokoka miaka mingi. Uwanjani hukanyagwa kila baada ya kona, mzunguko baada ya mzunguko, na kinachoweza kuvunjika huvunjika siku hiyo hiyo.

Joto ni adui wa pili, na kwa maoni ya waandalizi wengi wa siku za uwanja ndilo la kwanza. Hewa ya nyuzi 30 ikikandamizwa mara mbili hutoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi 120 hivi. Gari la turbo huwa na kipoza hewa, mfano wa rediata ndogo inayopitisha hewa badala ya maji, ili kuirudisha karibu na joto la nje kabla haijaingia kwenye injini. Kila nyuzi 10 zinazoondolewa huongeza uzito wa hewa kwa asilimia 3 hivi, na, muhimu zaidi, huisogeza injini mbali na kugonga. Subaru nyingi zimewekewa kipoza hicho juu ya injini, chini ya lile tundu la kwenye boneti. Gari likiwa mwendoni, upepo huingia na kazi inafanyika. Likisimama kwenye foleni ya kuingia uwanjani, joto la injini hupanda na kukichemsha kipoza chenyewe. Mizunguko miwili ya kwanza baada ya kusimama kwa hiyo ndiyo mibaya kuliko yote, na dereva mwenye busara huiendea taratibu. Wengine hukihamishia kipoza mbele, nyuma ya bampa. Kwa Pwani hiyo ni pesa iliyotumika vizuri kuliko turbo kubwa.

Oili nayo ina mpaka wake. Ikipita nyuzi 130 inakuwa nyepesi mno, na beringi za krankshafti huanza kusagana na chuma. Kipimo cha joto la oili hakimo kwenye magari mengi ya kawaida, kwa hiyo ni miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa, pamoja na kipoza oili. Jambo jingine halionekani kwenye kipimo chochote: kwenye kona ndefu ya kasi oili hukimbilia upande mmoja wa sampu, na bomba la kuifyonza likabaki likivuta hewa. Sampu yenye vizuizi vya ndani hutibu hilo. Mwenye gari asiyetaka kugharimika aijaze oili hadi alama ya juu kabisa na aepuke matairi ya mashindano yenye kunata sana, kwa sababu ni mshiko wa tairi unaoisukuma oili pembeni.

Mzunguko wa mwisho wa kila zamu huendeshwa polepole, bila kukanyaga, ili kila kitu kipoe kikiwa kinapulizwa na upepo. Baada ya kuegesha, injini haizimwi papo hapo. Turbo bado ina moto, na oili iliyosimama ndani yake huungua ikawa masizi magumu yanayoziba njia. Dakika moja au mbili za kuunguruma zinatosha. Breki ya mkono haivutwi, kwa kuwa pedi zenye moto huganda kwenye diski. Gari huachwa kwenye giya na kuwekewa kigingi chini ya tairi.

Breki zinastahili maneno mengi kuliko zinavyopewa. Kasi ikiongezeka mara mbili, nishati ya gari huongezeka mara nne. Gari la kilo 1,400 linalokwenda kilomita 160 kwa saa likisimamishwa, nishati inayogeuka kuwa joto inatosha kuchemsha sufuria ya lita nne za maji ya chai, na kazi hiyo hufanyika kwa sekunde chache, kisha inarudiwa kona ijayo. Pedi za kawaida zimetengenezwa kwa ajili ya mjini. Zikichomeka hutoa gesi na kuteleza, na dereva hukanyaga kwa nguvu huku gari likiendelea kwenda.

Oili ya breki ndiyo inayosahaulika. Oili nyingi za breki hunyonya maji kutoka hewani, na hewa ya Msambweni ina maji mengi. Ile ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwa nyuzi 205. Ikishakunywa unyevu huchemka kwa 140. DOT 4 ni 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Oili ikichemka hutoa mapovu, mapovu hubonyea, na pedali huzama hadi chini bila kufunga chochote. Mkazi wa Diani mwenye gari ambalo oili yake ya breki haijabadilishwa kwa miaka mitatu anaendesha na ile namba ya pili, au pungufu ya hapo. Kubadilisha oili nzima kabla ya siku ya uwanja ni kazi ya saa moja na gharama ndogo, na hakuna rekebisho jingine lolote kwenye gari linalolipa kiasi hicho.

Matairi hufuata. Hewa ndani ya tairi ikipanda kutoka nyuzi 30 hadi 80, presha ya psi 30 huwa 37, na tairi lililovimba hugusa lami kwa katikati tu. Dereva hupima kila anapotoka, hupunguza, na huandika. Pwani inaongeza yake: mchanga mweupe wa matumbawe unaopeperushwa na upepo hutanda kwenye lami bila kuonekana, na chumvi ya bahari hula nati, waya na viungio vya umeme. Gari la Pwani hukaguliwa chini kwanza, palipojificha kutu, kabla ya kufunguliwa boneti. Yapo magari ya kupendeza Ukunda ambayo mkaguzi wa uwanja hangeyaruhusu kupita, si kwa kukosa nguvu bali kwa kuoza mahali panaposhikilia springi.

Ukaguzi huo ndio unaoanza siku. Betri iwe imefungwa imara, kusiwe na uvujaji, nati za magurudumu ziwe zimekazwa, mikanda iwe mizima, na kila kilicho huru ndani ya gari kitolewe, kuanzia chupa ya maji hadi zulia la miguuni. Helmeti ni lazima. Kisha madereva wote hukusanywa kuelezwa masharti, na asiyehudhuria haingii. Bendera ya njano ina maana ya hatari mbele, punguza na usipite mtu. Nyekundu husimamisha zamu, kila mmoja arudi polepole. Buluu humwambia dereva kwamba aliye nyuma ana kasi zaidi, ampishe. Nyeusi ni wito kwa gari moja lirudi, ama lina hitilafu ama dereva wake amekosa adabu. Ya miraba myeusi na myeupe hufunga zamu. Kupitana huruhusiwa sehemu zilizonyooka zilizotajwa tu, na ni yule anayepitwa anayetoa ishara. Sheria hii ya mwisho huwashangaza waliozoea barabara ya Likoni, ambako anayepita hajisumbui kungoja ishara ya mtu.

Uendeshaji wenyewe una kanuni moja inayotawala: kona huingiwa polepole na kutokwa kwa kasi. Breki hufungwa gari likiwa bado limenyooka, giya hubadilishwa, usukani huzungushwa mara moja kwa utulivu kutoka ukingo wa nje kuelekea wa ndani, na gari huachiwa lijinyooshe hadi ukingo wa nje tena. Macho hutazama linakokwenda gari, si lilipo. Turbo huleta ugumu wake. Nguvu haiji mguu unapokanyaga. Hungoja gurudumu la moshi lishike kasi, kisha huja yote kwa pamoja. Dereva mgeni hukanyaga katikati ya kona, haoni kitu, huongeza, na nguvu inamfikia usukani ukiwa bado umepinda. Aliyezoea hukanyaga mapema kidogo na kwa wepesi, ili shinikizo likifika akute gari limeshaelekea mbele.

Subaru ina tabia nyingine. Injini yake imekaa mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo pua ni nzito, na ikiingizwa kwenye kona kwa kasi kupita kiasi hukataa kugeuka na kwenda moja kwa moja kuelekea nyasi. Dawa si kuzungusha usukani zaidi. Ni kuondoa mguu taratibu, uzito urudi mbele, tairi zishike. Wengi huamini kwamba magurudumu manne yanayovuta yatawaokoa. Yanasaidia kutoka kwenye kona. Kusimama, kila gari lina magurudumu manne.

Kwa Pwani, msimu una uzito wake. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta jua kali, na hapo ndipo wageni wa likizo wanapojaa. Masika hufuata kwa mvua ya Aprili hadi Juni. Miezi ya Julai na Agosti, kusi ikivuma, joto hushuka hadi chini kidogo ya nyuzi 30 mchana, na hewa ya alfajiri ni nzito na ya baridi kiasi. Ikiwa siku itapangwa ufuoni, ni wakati huo, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa nne.

Swali lililobaki ni mahali. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaweka mwisho wa kasi mijini na katika vituo vya biashara kuwa kilomita 50 kwa saa, na haimruhusu mtu kujifanyia mbio kwenye barabara ya umma. Bima nyingi zinaandika wazi kwamba hazilipi hasara iliyotokea kwenye mbio au majaribio ya kasi. Anayebadilisha injini ya gari hutakiwa pia kuijulisha mamlaka ya usajili. Lami mpya ya Dongo Kundu, pana na iliyonyooka, na daraja lake refu la Mteza, ni kishawishi kikubwa usiku, na pasipo mahali halali kishawishi hicho kitapata watu.

Kwale haihitaji uwanja wa mabilioni. Tsukuba ya Japani, ambako magari ya turbo ya kila siku yamekuwa yakipimwa kwa miaka mingi, ina mzunguko wa mita 2,045 tu. Barabara inayopanda kutoka Kombani hadi mji wa Kwale, kutoka karibu na ufuo hadi mita 400 hivi za vilima vya Shimba, ingefaa mbio za saa za gari moja moja Jumapili asubuhi, ila ndiyo njia ya kwenda makao makuu ya kaunti na haiwezi kufungwa ovyo. Uwanda wa miwa wa Ramisi ungetosha kwa autokrosi. Mgodi wa Base Titanium ulisimamisha uchimbaji mwishoni mwa 2024, na mjadala wa matumizi ya ardhi yake ungeweza kuchukua pendekezo moja zaidi. Mahali popote pachaguliwe kwa kuhesabu muda wa ambulensi hadi Hospitali ya Rufaa ya Msambweni, kabla ya kuhesabu watazamaji.

Kwa sasa mwenye turbo wa Ukunda au Msambweni analazimika kupanda bara, Kiambu au Athi River, na safari hiyo ina sharti lake. Ramani iliyoandikwa usawa wa bahari, ikidai shinikizo lile lile kamili kwenye hewa nyepesi, huilazimisha turbo izunguke kupita kasi iliyoundiwa, na ufito wake hauvumilii hilo kwa siku nzima. Shinikizo lipunguzwe kabla ya zamu ya kwanza, oili ya breki iwe mpya, na iwekwe akiba ya petroli na nauli ya lori la kubebea gari kurudi nyumbani.